Dirisha la Kabale Si Dirisha la Mombasa

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walikusudia kutuonya tusiwapime watu kwa sura zao. Lakini mjenzi akiyatafakari maneno hayo ataona jambo jingine: aingiapo ndani na kukuta joto la kumtoa jasho, au baridi ya kumtetemesha, au moshi wa kumliza, mara nyingi wa kulaumiwa ni mlango ule ule, pamoja na ndugu yake dirisha.

Ndugu msomaji, askari ni mtu wa uhamisho. Mwaka huu yuko Kabale, mwaka ujao yuko Gulu, na tangu mwaka 2007 wengine wa Uganda wamevuka mipaka hadi Mogadishu. Popote aendapo, yeye na mke wake na watoto hulala katika nyumba ambayo hawakuichagua. Lakini iko nyumba moja ambayo wataichagua wenyewe, nayo ni ile wanayoijenga kidogo kidogo kwa akiba ya mshahara, ili wastaafu humo. Nyumba hiyo hujengwa mara moja tu. Hata hivyo, milango na madirisha yake huchaguliwa siku za mwisho, fedha zikiwa zimekaribia kwisha, tena kwa kutazama ya jirani. Makosa ya siku hiyo moja hulipiwa miaka mingi: kwa mkaa wa kuota moto, kwa umeme wa feni, na kwa dawa za watoto.

Ili tuelewe jambo hili, tufanye safari. Tuanzie katika milima ya Kigezi, tupite Kampala, tupande kaskazini hadi Gulu, kisha tushuke mpaka Mombasa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, na katika kila kituo tutaangalia jambo moja tu: watu wa hapo wanaufunguaje na kuufunga ukuta wa nyumba.

KABALE: MAHALI PA KUZIBA NYUFA

Mji wa Kabale uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni kama maziwa katika kibuyu, na vilima vilivyolimwa kwa matuta huonekana vikielea juu yake. Usiku kipimo cha joto hushuka mpaka karibu na nyuzi 10 za Selsiasi. Mgeni aliyetoka kaskazini akiwa na shuka moja atajuta kabla ya usiku wa manane.

Hapa baridi haiji kwa kubisha hodi. Hupita chini ya mlango. Chukua mlango wa upana wa sentimita 90, ulioachwa juu ya sakafu kwa sentimita moja tu. Uwazi huo, ukiukusanya mahali pamoja, ni sawasawa na tundu la karibu sentimita 10 kwa 10 lililotobolewa ukutani. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angetoboa tundu kama hilo karibu na kitanda cha mtoto, lakini wengi hulala nalo mwaka mzima kwa sababu limejificha chini ya mlango.

Kwa hiyo mtu wa milimani na adai mambo matatu kwa seremala wake. Kwanza, mbao ziwe zimekauka kabisa, kwa maana ubao mbichi ukikauka ukiwa tayari umepigiliwa hupinda, na mlango uliokuwa umekaa sawa huacha nyufa pande zote. Pili, kizingiti cha chini kiinuliwe kidogo ili ubao wa mlango upumzike juu yake, na ukanda wa mpira upigiliwe mahali vinapokutana. Tatu, madirisha yasiwe makubwa kupita kiasi, na yale ya vyumba vya kulala yatazame mashariki, ili jua la asubuhi liingie na kuvitia joto mapema. Jioni, kabla giza halijaingia, yafungwe na kufunikwa kwa pazia zito au kwa shata ya mbao. Kioo kimoja chembamba hupoteza joto kwa urahisi sana. Katika nchi za Ulaya watu huweka vioo viwili vyenye hewa katikati, lakini gharama yake ni kubwa, na kwa baridi ya Kigezi shata ya mbao na pazia la kitambaa kizito hutosha.

Hapa hapa kuna hatari ambayo kila mama na kila baba aijue. Watu wengi, wakisumbuliwa na baridi, huziba matundu yote kwa matambara na kuingiza sigiri ya mkaa chumbani wapate kulala kwenye joto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii; huzidi kulala, na asubuhi haamki. Basi liwe ni sharti la nyumba: pahali penye moto pasizibwe, na pahali palipozibwa pasiingizwe moto. Jiko na liwe nje au katika banda lake lenye matundu ya kupitishia moshi, na joto la chumba cha kulala litafutwe kwa mlango uliokaa vizuri na mablanketi.

KAYABWE: JUA LINAPOPITA UTOSINI

Tukiteremka kwa njia ya Mbarara na Masaka kuelekea Kampala, tunafika Kayabwe, mahali ambapo barabara inavuka mstari wa ikweta. Wageni hushuka garini, hupigwa picha kando ya alama ya duara, na hutazama maji yakizungushwa katika beseni. Lakini kwa mtu anayetaka kujenga, somo la mahali hapa liko juu ya kichwa chake.

Mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, jua la adhuhuri hapa hupita utosini kabisa. Mwezi wa Juni huegemea upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba huegemea kusini, lakini halishuki mbali sana. Maana yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini na ule unaotazama kusini hupigwa na jua lililo juu, na jua lililo juu huzuiwa kwa urahisi. Upenu wa paa uliotokeza sentimita 60 hutosha kulitia kivuli adhuhuri dirisha lililo chini yake lenye kimo cha sentimita 120, kila mwezi wa mwaka.

Ukuta wa magharibi ni jambo jingine. Alasiri, yapata saa kumi na moja, jua limeinama na linatazamana na ukuta huo uso kwa uso. Upenu ule ule wa sentimita 60 sasa hutupa kivuli cha kiasi cha sentimita 30 tu. Sehemu yote iliyobaki ya dirisha huwa wazi kwa jua, nalo huingia hadi ndani, likapasha sakafu, kitanda na kuta. Ndiyo sababu chumba chenye dirisha kubwa la magharibi hubaki na joto hata baada ya watoto kula chakula cha usiku.

Kwa hiyo, kabla hujanunua kioo wala bawaba, amua kwanza nyumba yako itatazama wapi. Kama kiwanja kinaruhusu, pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na madirisha makubwa yawe huko. Upande wa magharibi upewe bafu, stoo, au ukuta mtupu wenye mti mbele yake. Uamuzi huu hauongezi hata shilingi moja katika gharama za ujenzi.

KAMPALA: FAHARI YA KIOO

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hali yake ya hewa ni ya kati na kati. Nyumba za zamani za mji huu, pamoja na nyingi za watumishi wa serikali, zilijengwa na watu waliolijua jambo hilo. Tazama juu ya madirisha yao: utaona safu ya vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Hewa yenye joto hupanda juu, na isipopata njia hukaa chini ya dari na kuwachosha waliomo. Vitundu vile huitoa pole pole, usiku na mchana, bila umeme na bila fundi.

Lakini katika mitaa mipya desturi imebadilika. Sasa fahari ni madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, yenye vioo vya rangi. Hayakosi sifa: hayashiki kutu upesi, hayaliwi na mchwa, na hufunga vizuri. Walakini mnunuzi apige hesabu yake vyema. Kanuni nyingi za ujenzi hutaka eneo la madirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina sakafu ya mita 9 za mraba, basi dirisha lake liwe angalau sentimita 90 kwa 100. Dirisha la bawaba la kiasi hicho hufunguka lote. La kusukuma hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Umelipia dirisha zima, nawe umepata hewa ya nusu dirisha.

Tena aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Kioo cha rangi nacho hupunguza mng'aro, lakini sehemu ya joto la jua hulinywa chenyewe, kikapata moto na kuurudisha chumbani. Hata pazia la ndani halisaidii sana, maana joto limekwisha vuka kioo. Kivuli chenye faida ni kile kilicho nje: upenu, varanda, mti, au mkeka ulioning'inizwa mbele ya dirisha.

Polisi na jamaa zao hawahitaji kufundishwa sana habari za joto la madini. Wengi wamewahi kuishi, au kuwatembelea ndugu waliokuwa wakiishi, katika vile vibanda vya duara vya mabati ya aluminiamu ambavyo watu wamevipa jina la mzaha, mama ingia pole, kwa kuwa aingiaye hana budi kuinama na kwenda taratibu. Mchana huwaka kama chungu jikoni, usiku hupoa upesi kama chungu kilichoepuliwa. Kwa wale wanaoishi katika nyumba za namna hiyo, dawa ya karibu ni kivuli cha mti au cha turubai upande wa magharibi, na kuufungua mlango pamoja na tundu lililo mkabala nao mara tu jua linapotua, ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine.

GULU: MCHANA FUNGA, JIONI FUNGUA

Kutoka Kampala twapanda kaskazini, twavuka Mto Nile kwenye maporomoko ya Karuma, na baada ya mwendo wa kilomita zaidi ya 300 twaingia Gulu. Kati ya Desemba na Februari nchi hii hukauka, nyasi hugeuka rangi ya simba, na joto la mchana hupita nyuzi 30. Usiku, hata hivyo, hewa hupoa.

Waacholi wamelijibu jambo hili tangu zamani kwa nyumba yao ya duara, ot lum. Kuta zake za udongo ni nene, paa la nyasi limeshuka chini hadi linaufunika ukuta kwa kivuli, mlango ni mmoja tena mdogo, na madirisha hayapo au ni madogo mno. Ingia humo saa nane mchana utokapo juani, utashukuru. Udongo mnene huchelewa kupata joto, na mlango mdogo hauliruhusu jua kuingia.

Sasa mchukue sajini aliyezaliwa huku, akatumikia Kigezi miaka sita na kuyapenda madirisha ya kule. Amestaafu na kurudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Ajenga nyumba ya matofali yenye paa la bati, aweka vioo vikubwa vinavyotazama machweo ili auone uwanda, na mlango wa mbele wa chuma upande huo huo. Mwezi wa Januari mlango huo haushikiki kwa mkono. Watoto wanahamisha mikeka kulala nje, ambako mbu wanawangoja. Mzee ananunua feni, kisha ya pili, na kila mwezi analipia umeme wa kuliondoa joto ambalo yeye mwenyewe alilifungulia mlango.

Nyumba ya matofali katika nchi kama hii inaweza kuiga busara ya ot lum. Madirisha yawe ya kiasi, upande wa kaskazini na wa kusini, chini ya upenu mpana. Yawe na shata za mbao au vioo vinavyofungika vizuri, kwa sababu katika miezi ya kiangazi kanuni ni hii: yafungwe kuanzia saa nne asubuhi joto la nje linapoanza kupanda, na yafunguliwe yote jioni hewa ya nje inapopoa. Kila chumba, ikiwezekana, kiwe na matundu katika kuta mbili zinazokabiliana, moja la kuingizia upepo na moja la kuutoa. Mlango wa nje uwe wa mbao ngumu, kama vile mvule, na kama mwenyewe anapenda chuma kwa ajili ya usalama, basi uwe chini ya varanda.

Lakini kufungua jioni ndipo mbu huingia. Hivyo dirisha la Gulu halijakamilika bila wavu, nao uwekwe hata katika vitundu vya juu na katika uwazi ulio kati ya ukuta na paa, ambako mbu wa malaria hupenda kupita. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu milangoni na madirishani, pamoja na kuzibwa uwazi wa chini ya paa, zilipata pungufu ya nusu ya mbu waliopatikana katika nyumba za kawaida, na watoto wake walipungukiwa damu kwa uchache zaidi. Wavu huupunguza upepo kidogo, kwa hiyo dirisha lenye wavu lipewe nafasi ya ziada. Na chandarua cha kitanda kisiachwe.

MOMBASA: ACHA UPEPO UPITE

Mwisho wa safari yetu ni bahari. Mombasa joto lake si kama la Gulu. Usiku nao una joto, na hewa imejaa unyevu hata jasho halikauki mwilini. Ukifunga nyumba hapa mchana ukingoje baridi ya usiku, utangoja bure. Kinachomwokoa mtu wa pwani ni upepo: kaskazi tangu mwisho wa mwaka hadi Machi, na kusi katika miezi ya kati ya mwaka.

Pita katika Mji wa Kale utaona jinsi wenyeji walivyoupokea upepo huo. Vichochoro ni vyembamba, nyumba moja huitia nyingine kivuli. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Madirisha ni marefu, na mengi yana shata za mbao zenye vibao vilivyolazwa kwa mshazari, yaani luva. Luva ni ufundi mkubwa katika kitu kidogo: huzuia jua, huzuia mvua, huzuia macho ya mpita njia, na upepo hupita. Mama akaa ndani kwa sitara yake, na chumba chapumua.

Hata milango ya nakshi, ambayo wageni huipiga picha hapa, na kule Lamu na Zanzibar, ina kazi zaidi ya urembo. Imegawanyika mbao mbili zinazofunguka hadi mwisho na kuuacha mlango wote wazi kwa upepo. Katikati husimama mfaa, ule mti uliochongwa, ambao huuziba ufa mbao hizo zinapokutana. Magofu hayakai hivyo. Hivi ni vitu vilivyotunzwa kwa sababu vinafaa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001.

Mjenzi wa pwani ajihadhari pia na chumvi ya bahari, ambayo hula chuma upesi. Dirisha la chuma linalodumu miaka mingi bara, hapa huota kutu mapema. Mbao ngumu zilizopakwa mafuta, bawaba za shaba nyeupe au nyekundu, au aluminiamu iliyowekwa chini ya kivuli, ndizo zinazofaa.

UKITAKA KUCHAGUA

Kutokana na safari hii, familia inayotaka kujenga yaweza kufuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, nendeni kiwanjani mara tatu kwa siku moja: asubuhi, adhuhuri na alasiri. Pigeni vijiti ardhini, tazameni jua liangukapo na upepo utokako. Baba asiende peke yake, kwa maana mama ndiye atakayeshinda humo mchana.

Pili, jiulizeni adui wa mahali hapo ni nani. Kama ni baridi, zibeni nyufa. Kama ni joto kavu, tieni kivuli, mfunge mchana na kufungua usiku. Kama ni joto la unyevu, fungueni pande mbili upepo upite.

Tatu, fedha zikiwa chache, zitumieni kwa mpango. Mahali pa dirisha huja kwanza, kwa kuwa hapagharimu kitu. Upenu huja wa pili, wavu wa tatu, mbao kavu na bawaba imara za nne. Kioo cha fahari kingoje. Kinaweza kubadilishwa baadaye, lakini ukuta uliokwisha kujengwa haugeuzwi kutazama upande mwingine.

Nne, kwa walio bado katika nyumba za kazi au za kupanga, pandeni mti upande wa magharibi hata kama mtahamishwa kabla haujakua. Atakayekuja baada yenu ni askari mwenzenu, naye ana watoto.